Betri Yako Nyepesi na Kiti Changu

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Magari.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BETRI NYEPESI, NA OMBI LA MASAHIHISHO

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, umekaa kwenye kiti chako. Nataja kiti makusudi. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini siku hizi nikimwona mtu amekaa kwenye kiti chake kwa raha zake, roho inaniuma.

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka. Nina duka la jumla la mahindi, mchele, maharage na sukari, na mlangoni nina mizani kubwa ya kupimia magunia, ile ya kukaa chini yenye sahani ya chuma. Wateja huniita Mama Mizani. Sijawahi kumpunja mtu hata punje, ndiyo maana nakuandikia bila kuinamisha uso.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Mtaa mzima unamwita Fundi Baridi, na mimi pia nikikasirika namwita hivyo. Ni mtu mwema. Amebeba majokofu ya watu mgongoni tangu ujana wake, kuyapandisha ngazi na kuyashusha, mpaka bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Nakueleza hili usije ukasema sina huruma. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuchukia kitu kizito. Lakini kuna kuchukia na kuna kuchochewa, na aliyemchochea ni wewe.

Tuna gari la spoti. Usifikirie utajiri. Ni kigari chekundu cha watu wawili, kimelala chini kiasi kwamba mbwa wa mtaani anakitazama kutoka juu. Mume wangu alilipata likiwa mifupa mitupu, kuku wakitagia ndani, kwa mtu aliyekwisha kulikatia tamaa, akalifufua mwenyewe kidogo kidogo. Na kila Jumamosi jioni alikuwa anakuja nalo mpaka mlangoni pa duka. Mimi natia kufuli, naingia kando yake magoti yakiwa karibu na kidevu, tunapanda barabara ya mlimani mpaka kwenye tangi la maji, tunageuza, tunarudi. Basi. Hatununui kitu, hatumtembelei mtu. Ila ndiyo saa pekee katika wiki ambayo hakuna anayeniuliza mimi bei ya maharage, wala anayemuuliza yeye kwa nini friji yake haigandishi. Nyumbani mume wangu ana maneno ya kuhesabika. Kwenye gari lile anaongea mpaka namwambia apumue. Shika hilo kichwani, Mhariri, maana ndilo shina la malalamiko yote yanayofuata.

Ndipo ukachapa makala yako ya kufundisha watu kufunga betri nyepesi ya lithiamu kwenye gari la spoti. Ukaeleza kwamba betri ya kawaida ya madini ya risasi ni nzito kama mtoto aliyekwisha kuanza shule, na hii mpya haifiki hata uzito wa kuku. Ukaeleza nyaya, wa hasi utangulie kufunguliwa, wa chanya ufuate. Hayo yote sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni maneno uliyomalizia safu ile kwa herufi nene: “Uzito ni adui, na kila gramu ina maana.” Mume wangu aliyakata kwa mkasi akayabandika kwenye mlango wa friji. Ndugu yangu, ulijua unamwandikia nani?

Sasa naanza.

Lalamiko la kwanza. Betri yenyewe ni nyepesi kupita adabu. Ile ya zamani ilijua nafasi yake. Ilikuwa nzito, ikakaa ndani ya gari, nasi tukakaa ndani ya nyumba, kila mtu kwake. Hii mpya inabebeka kwa mkono mmoja, na siku mume wangu alipoinyanyua mara ya kwanza nilimwona machozi yanamlengalenga. Akaishusha, akainyanyua tena, akazunguka nayo uani. Tangu siku hiyo mgeni hakaribishwi kwetu kwa chai. Anakaribishwa kwa betri. Akishavua viatu anapewa ile nyepesi aishike, kisha anaelekezwa kwenye ile ya zamani, iliyowekwa kwenye kona ya sebule kama kombe la mashindano, anaambiwa nayo ainyanyue ili aone tofauti. Mwenye kuja kudai amenyanyua, mwenye kuja kuomba chumvi amenyanyua, na msoma mita za umeme amenyanyua, tena mara mbili.

Kaka mkubwa wa mume wangu, yaani shemeji yangu, alikuja akiwa na jambo zito la ukoo. Alisema hivyohivyo pale mlangoni, kwamba amekuja kwa jambo zito. Mume wangu akamwomba kabla ya hilo anyanyue hii. Shemeji akainama, akavuta, mgongo ukakataa. Tulimlaza kwenye kochi, na kwenye kochi hilo bado yupo ninapoandika. Jambo la ukoo hatujalijua hadi leo, maana kila akitaka kulitamka anashikwa na maumivu. Mume wangu anasema mgongo wa kaka yake ni ushahidi kwamba makala yako ni ya kweli.

Lalamiko la pili ni kibao changu cha kukatia mboga. Uliandika kwamba betri mpya ni ndogo kuliko ya zamani, kwa hiyo nafasi inayobaki ijazwe vizuri na betri ikazwe isichezecheze. Ijazwe kwa kitu gani, hukusema. Mhariri, mwanamume ukimwachia sentensi wazi namna hiyo, anaingia jikoni. Alichukua kibao changu cha mti mgumu, nilichopewa na mama yangu nilipoolewa, akakikata vipande vinne kwa msumeno, akavipanga kuizunguka betri, akakaza mkanda wa chuma juu yake. Kazi ilikuwa safi, sikatai. Haikutikisika hata kidogo. Kesho yake akagundua kwamba kibao nacho kina uzito. Akavitoa vipande, mahali pake akatia sponji ya mto wangu wa kulalia. Kwa hiyo siku hizi nakatia vitunguu juu ya gazeti lenu, nalala kichwa kikining'inia, na kibao cha mama yangu kiko vipande vinne ndani ya ndoo ya spana.

Lalamiko la tatu, na hapa nakuomba uvute kiti karibu kama bado unacho. Uliandika kwamba betri ya lithiamu haipendi joto. Ungemwambia hayo fundi cherehani, angefungua dirisha. Wewe umemwambia fundi wa majokofu! Jioni ileile alifungua friji yetu, akatoa maziwa na nyanya kwenye rafu ya kati, rafu akaipa betri. Kila jioni inafunguliwa kwenye gari, inafutwa kwa kitambaa laini, inalazwa friji. Asubuhi inarudishwa kazini. Maziwa yetu yanalala mezani, yakiamka yamechacha.

Laiti ungemaliza habari yako palepale. Lakini kwamba betri hiyohiyo inakuwa mvivu ikiwa ya baridi, na kwamba inatakiwa kwanza kuwashiwa taa za mbele kidogo ipate joto ndipo iguswe stata, hilo uliliweka ng'ambo. Uliandika kwa herufi za sisimizi: “Inaendelea ukurasa wa 11.” Mhariri, katika nyumba ya muuza nafaka ukurasa wa kumi na moja haufiki jioni. Ulikwisha kukunjwa, ukatiwa dengu za mteja, ukaenda zake. Nimekuja kuyasikia haya kwa mteja huyohuyo wa dengu, aliyeusoma ukurasa ule akila, naye alipokuja kunisimulia maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Yalimwagika siku ya harusi ya binti wa dada yangu. Nilikuwa nimevaa gauni jipya na viatu virefu. Betri ilikuwa imetoka friji dakika ileile, inatoa jasho. Mume wangu akazungusha ufunguo, stata ikaguna mara moja, ikanyamaza. Akaniomba kwa upole nisukume kidogo, barabara yetu ina mteremko. Nikasukuma, majirani wakinitazama madirishani. Injini ikawaka. Yeye akiogopa kwamba akisimama halitawaka tena, hakusimama. Alinipungia mkono kupitia dirishani, akaenda. Alikwenda harusini kwa watu wangu, akala, akapigwa picha katikati ya dada zangu, mimi nikiwa barabarani na kiatu kimoja mkononi.

Aliporudi nilikuwa nimemsubiri kwa maneno niliyoyapanga mchana kutwa. Hakunipa nafasi. Uso ulikuwa unang'aa kama wa bwana harusi mwenyewe. Akasema, “Mke wangu, leo gari limeruka.”

Nikadhani anaisifu betri. Kumbe alichokigundua njiani ni mimi, yaani kutokuwepo kwangu.

Lalamiko la nne. Baada ya harusi hiyo mume wangu alianza kuja dukani na viungo vya gari. Alileta tairi la spea, jeki, redio, zulia la miguuni, kifuniko cha kikabati cha mbele, na kile kioo kidogo cha upande wangu ninachojitazamia. Gari lilikuwa na honi mbili zilizolia pamoja kwa heshima, akatoa moja, sasa linalia kama bata mwenye mafua. Anapanga foleni kati ya mtu wa gunia la mahindi na mtu wa sukari, zamu yake ikifika anaweka kisahani cha majivu ya sigara juu ya mizani ya magunia. Mshale hautikisiki. Anainama, anautazama kwa jicho moja. Watu nyuma yake wanaguna. Nilimwambia mizani hii haioni vitu vidogo. Akanijibu kwamba gari linaviona.

Kisha siku moja akaja amebeba kiti changu. Alikuwa amefungua bolti zake nne, amekikumbatia kifuani. Akakiweka juu ya mizani, akasoma. Halafu, mbele ya wateja, akaniomba kwa sauti ya chini niketi.

Mhariri, nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, miguu imevimba. Nilidhani mume wangu ameniona nimechoka. Nilimshukuru, nikaketi, nikaegemea, nikafumba macho kidogo. Nilipoyafumbua alikuwa amepiga magoti mbele ya mshale, anasoma uzito wangu kwa sauti, na mtu wa sukari anamsaidia kutoa uzito wa kiti.

Lalamiko la tano ndilo lenyewe. Kiti hakikurudi garini. Kiko sebuleni, kinatazamana na shemeji. Mume wangu alinieleza kwamba sijapoteza kiti, kimehama tu. Jumamosi hiyo nilifunga duka kwa mazoea, nikatia kufuli, nikasimama. Nikamsikia bata akilia kwenye kona. Gari likaja, likapunguza mwendo mbele yangu, nikaona mahali pangu pamebaki matundu manne kwenye bati. Mume wangu akanipungia mkono, kwa mapenzi kabisa, akakanyaga mafuta akapanda mlima peke yake.

Nikuambie bila kuzunguka, niliumia. Sikulia kwa sababu muuza viazi wa ng'ambo ya barabara alikuwa ananitazama, lakini niliumia. Nilitembea mpaka nyumbani, nikaketi kwenye kiti changu pale sebuleni, nikafunga mkanda. Shemeji akaniuliza kutoka kwenye kochi tunaelekea wapi. Nikaukaza mkanda. Mume wangu aliporudi alikula kimya, akaosha mikono kimya, akalala. Maneno yake yote sasa yanapanda mpaka kwenye tangi la maji na kushuka, na hakuna wa kuyasikia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwako wewe ilikuwa habari ya betri tu.

Lalamiko la sita. Kanuni yako imeanza kuitafuna nyumba. Nilijiuliza, ikiwa uzito ni adui, kwa nini vita iishie kwenye gari? Nikaanza kumsaidia mume wangu kupigana. Nimeondoa nyama kwenye sahani yake, maana nyama ni nzito. Kisha mchuzi. Shati lililonyooshwa na lenye makunyanzi yana uzito mmoja, kwa hiyo pasi ni mzigo wa bure, nimeacha kupiga. Blanketi la upande wake nimelikunja nikamfunika nalo shemeji. Vilevile nilipima gazeti lenu la siku ile, nikang'oa ukurasa wa magari nikalipima tena, na kwa kweli lilikuwa jepesi zaidi bila hasara yoyote kwa msomaji.

Mwisho wake nauona tangu sasa. Atang'oa milango, atang'oa boneti, na kwa kuwa hakuna kitu kizito ndani ya gari kama injini, atafikia injini. Siku hiyo gari litakuwa jepesi kuliko magari yote ya ulimwengu, tutakuwa tunalisukuma wawili, na angalau nitapata sababu ya kuwa karibu naye.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba kwa heshima zote uchape masahihisho haya: “Uzito si adui. Mke si mzigo. Kiti cha abiria ni sehemu ya gari.” Yawe kwa herufi nene zilezile, ukurasa uleule, na yasiendelee popote. Pia naomba utume waandishi wenye nguvu waje kumwinua shemeji. Na kama hapo ofisini kuna kibao cha kukatia mboga kisicho na kazi, sitakataa.

Ninayo mengine, ila karatasi nayo ina uzito. Wasalimie wote hapo kazini, mpiga chapa, mfagiaji, na mchoraji wa vikatuni. Msalimie zaidi mkeo, na ukifika nyumbani leo hebu mwangalie amekaa wapi. Shemeji anakusalimu, amelala. Betri nayo haijambo, iko friji.

Wako mwenye uzito wake,

Mama Mizani

Tanbihi, imeandikwa wiki tatu baadaye:

Barua hii ilichelewa kwa sababu shemeji ndiye aliyejitolea kuipeleka posta akishainuka, na alikuwa hajainuka. Katikati hapo yametokea mambo. Kwa hiyo masahihisho yangu usiyachape. Uliandika kweli tupu.

Jumamosi iliyofuata, duka likikaribia kufungwa, mume wangu alikuja na nati mbili za gurudumu kwenye kiganja, anataka kuzipima. Nilikuwa nimechoka kubishana. Nikamwambia mizani haitaziona zikiwa peke yake, apande nazo, tutatoa uzito wake baadaye. Akaona ni hesabu nzuri, akapanda. Mshale ukaenda. Ukapita pale nilipoishia mimi. Ukapita pale mimi na kiti tulipoishia pamoja, ukaendelea kidogo, ukatulia. Hakuna mteja aliyecheka, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kinyozi hajinyoi, Mhariri. Mtu alikuwa amelipima gari zima mpaka kisahani cha majivu, na kitu kizito kuliko vyote alivyoving'oa alikuwa anakiingiza mwenyewe kila siku na kukikalisha nyuma ya usukani.

Nikanyoosha mkono, nikasema, “Ufunguo.”

Akautazama mshale. Akanitazama mimi. Mume wangu ana kasoro zake, lakini kipimo hakibishii, hajawahi. Akanipa.

Mimi nimeendesha lori la nafaka tangu kabla hatujaoana, kwa hiyo gia hazinitishi. Lakini kile si kitu cha kulinganisha na lori. Nilikanyaga mafuta pale mlangoni nikasikia tumbo limebaki dukani. Kona zote za mlimani nilizipita nikicheka peke yangu. Kwenye tangi la maji nilizima, nikawasha tena, ili tu niisikie stata. Ikaitika mara moja. Gari limeruka, Mhariri, na betri yako ni kitu cha maana, na kila gramu ina maana yake.

Niliporudi mume wangu alikuwa amesimama mlangoni pa duka, mahali pangu palepale niliposimama mimi, kufuli mkononi, muuza viazi anamtazama. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilimpungia mkono, kwa mapenzi kabisa. Jumamosi ya pili yake alisimama tena, na safari hii alikuwa amechana nywele.

Juzi Jumamosi, ya tatu, nilitoka nyumbani asubuhi nikaona sebuleni kiti hakipo. Jioni gari lilikuwa mlangoni pa duka. Kiti kimefungwa kwa bolti zake nne, kioo changu kimerudi mahali pake, sponji imerudi ndani ya mto wangu wa kulalia, na betri imekazwa kwa vipande vya kibao cha mama yangu. Mume wangu alikuwa amekwisha kuketi upande wa abiria, magoti kidevuni, mkanda amefunga, macho mbele, kama mtu anayeogopa kuteremshwa. Nikamkumbusha kwamba kila gramu ina maana.

Akasema, “Nitavua viatu.”

Akavivua kweli, akavipanga kando ya mizani. Basi tukapanda mlima, na njia nzima aliongea mpaka nikamwambia apumue. Mengi yalihusu jinsi ninavyokata kona, lakini yalikuwa maneno yake, na nilikuwa nayasikia mimi. Sijafurahi namna hiyo tangu ulipochapa makala yako.

Shemeji ameinuka leo, ndiye atakayeipeleka barua hii. Jambo lake zito la ukoo amelitoa hatimaye. Anahamia nyumba nyingine na alikuwa anaomba ndugu yake akamshushie jokofu kutoka ghorofani.

Limebaki jambo moja tu. Asubuhi hii mume wangu ameniomba karatasi na bahasha. Anasema ana neno na Mhariri wa ukurasa wa magari, na nilipopita nyuma yake nimeona ameanza kuandika “Lalamiko la kwanza”. Barua yake ikikufikia, nakuomba usiichape. Na kama utaratibu wenu unakulazimisha kuichapa, ianzie ukurasa wowote unaotaka, ila hakikisha inaendelea ukurasa wa kumi na moja.